Kubadili gari Nyanda za Juu Kusini: lipi la kwanza, lipi la kuliacha

Magari mengi yanayosifiwa mitandaoni yanasifiwa na watu wa Dar es Salaam, ambako barabara ni tambarare na spea ya kila aina inapatikana siku hiyohiyo. Sisi wa Uyole, Tukuyu, Makambako au Ipogolo tunaamuliwa na mlima, matope na baridi. Mbeya mjini iko kama meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kutoka Isyonje kwenda Kitulo unafikia meta 2,600. Hewa ikiwa nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza nguvu: hapa mjini kama asilimia 15, na huko juu zaidi. Kwa hiyo Passo ya cc 1000 inayoteleza vizuri Kinondoni itapanda mlima wa Kitonga kwa taabu ikiwa na watu wanne na mizigo.

Kabla ya kuangalia gari lolote, jiulize la zamani lilikutesa wapi. Kama lilikuwa linakwama njia ya kijijini masika, IST nyingine haitakusaidia. Kama lilikumaliza kwa mafuta na wewe hutoki nje ya lami, huna haja ya gari la juu la 4WD.

Nimeyapanga hivi kwa familia ya kawaida inayokaa mjini, inayokwenda kijijini mara kwa mara na Iringa au Dar mara chache.

1. Toyota Succeed au Probox, cc 1500

Najua wengi wanaikwepa kwa sababu inaonekana gari la kazi. Mimi naiweka ya kwanza bila kusita. Injini yake ni 1NZ, ileile ya IST ya cc 1500, na hakuna fundi kati ya Tunduma na Mafinga asiyeijua. Spea zake zipo Mwanjelwa. Ina nafasi ya kulaza viti ukapakia magunia ya viazi, na zipo za 4WD ambazo kwa njia za Rungwe wakati wa mvua ni msaada mkubwa. Ukipata ya gia za mkono, usiiache: kwenye mteremko mrefu injini ndiyo inayoshika gari, breki zinapumzika.

Tahadhari ni moja tu, lakini ni kubwa. Nyingi zimekwishapiga kazi ya kubeba abiria na mizigo. Tazama springi za nyuma, sakafu ya buti, na viti vya nyuma. Kilomita kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa, lakini pedali ya breki iliyolika hadi chuma haidanganyi.

2. Toyota IST, cc 1500

Kwa anayezunguka Kabwe, Soweto, Mbalizi na kurudi nyumbani, hii inatosha kabisa. Inakula mafuta kidogo na ukitaka kuiuza mnunuzi hakosekani. Chukua ya cc 1500, si ya 1300, kwa sababu ya ile milima. Iko chini kidogo, hivyo njia yenye makorongo itakugharimu shokapu, bushi na bampa.

3. Suzuki Escudo

Hii ni ya mtu ambaye nyumba yake iko mbali na lami: Makete ndani, Ileje, Busokelo. Imejengwa imara kwa chini na 4WD yake ni ya kweli. Inakunywa mafuta kuliko mbili za juu, na baadhi ya spea utazisubiri zitoke Dar. Kama unakwenda kijijini Krismasi na Pasaka tu, usiinunue. Kodi Noah siku hizo.

4. Toyota Rav4 ya miaka ya 2000 hadi 2005

Inapendwa sana na ina umbo zuri, lakini nyingi za 4WD zilizotoka Japani zina injini ya D4, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo hautaki mafuta machafu wala fundi wa kubahatisha. Premio ya cc 2000 na Noah zilizotoka kati ya 2001 na 2007 zina tatizo hilohilo. Mwenye familia kubwa atafute Noah ya zamani yenye injini ya 3S.

Nissan X-Trail yenye gia boksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia) na Subaru Forester ya turbo nisingemshauri ndugu yangu anayenunua kwa fedha ya mavuno ya parachichi. Ni magari mazuri kwa mwenye akiba ya matengenezo. CVT ikifa mlimani, bei ya nyingine inaweza kukufanya uliache gari uani mwaka mzima.

Siku ya kwenda kuliona

Nenda asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti kuhakikisha. Asubuhi ya Juni ya Mbeya au Njombe itakuonyesha betri mbovu, moshi wa bluu na mlio wa injini ambao mchana hausikiki.

Halafu angalia mshale wa joto. Baadhi ya mafundi, gari likichemka, wanatoa themostati (kifaa kinachozuia maji ya kupoza hadi injini ipate joto) na kuendelea na maisha. Kwenye joto la pwani mtu anaweza asijue. Huku kwetu injini haifikii joto lake, mafuta yanaliwa zaidi na injini inachakaa mapema. Mshale ukipanda hadi karibu na katikati na kutulia, vizuri. Ukishuka kila unapoteremka mlima, uliza. Fungua rejeta ikiwa baridi: ukikuta maji matupu yenye kutu badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), punguza bei au ondoka.

Namba ya gari isikupumbaze. Namba D au E inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini. Ukiagiza mwenyewe, mwaka wa kutengenezwa ndio unaouma: gari lililozidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likizidi 10 unapanda tena. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma fedha Japani. Ukiona gari limetoka Hokkaido, omba picha za chini, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji inakula chuma.

Ukiridhika, mpeleke fundi wako, si wa dalali, na umlipe hata kama gari hukulichukua. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Kama si lake, mwenyewe aje. Andikishianeni mkataba kwa mwanasheria, na ubaki na sehemu ya fedha hadi jina libadilishwe TRA.