TV boksi ya kuchezea gemu: nenda dukani na pedi yako ya gemu

Desemba iliyopita nilinunua TV boksi, kale kaboksi ka kuchomeka kwenye TV, Kariakoo kwa elfu 85, watoto wa dada walikuwa wanakuja likizo nikasema safari hii hawatagombania simu yangu. Dukani walinionyesha mpira, YouTube, picha kali kabisa, nikalipa. Usiku tukaweka gemu la magari, mdogo wao wa miaka 8 akashika pedi, kona ikaja akabonyeza, gari likanyoosha mpaka ukutani alafu ndo likakata kona likiwa limeshagonga. Akarudia, likagonga tena. Akanigeukia machozi yanamlenga, "mamdogo, gari halinisikii."

Kauli ile iliniuma mpaka leo na ndo sababu naandika hapa. Nilidhani ni bahati mbaya yangu, kumbe nikiuliza watu kila mtu analo la kwake, mmoja pedi inakatika katikati ya mechi, mwingine anaruka shimo alafu mchezaji anaruka akiwa ndani ya shimo.

Kwahiyo leo sizungumzii 4K wala RAM wala namba ya Android, hayo kila muuzaji anayaimba na gemu za familia hazihitaji mtambo mkubwa. Mi nataka ujue kitu kimoja tu: ukibonyeza, inachukua muda gani mpaka TV ionyeshe ulichobonyeza? Filamu haikuonyeshi hilo tatizo maana filamu haisubiri kidole chako, ndo maana dukani unaonyeshwa mpira siku zote.

Kupima ni rahisi. Simu nyingi za sasa zina slow motion ya picha 240 kwa sekunde. Weka simu ishike kidole chako na TV kwa pamoja, rekodi, bonyeza mara kadhaa, alafu rudi uangalie picha moja moja toka kidole kinashuka mpaka gari linaanza kugeuka. Picha 24 ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Boksi langu na pedi ya Bluetooth, ile isiyo na waya, nilihesabu 60, robo sekunde nzima! Nikachomeka pedi kwa waya zikashuka mpaka 31, nikaenda kwenye setingi za TV nikawasha Game Mode zikafika 22. Hiyo Game Mode iwashe kabla hujamlaumu mtu, TV nyingi zinapoteza muda kuipamba picha kabla ya kukuonyesha.

Sasa kwanini Bluetooth ilikuwa mbaya vile? Bluetooth inapita kwenye masafa ya 2.4 GHz, na Wi-Fi ya kawaida inapita hapohapo, na kwenye boksi za bei ndogo vyote viwili mara nyingi vinatoka kwenye chipu moja na antena moja, kwahiyo vinapokezana. Boksi likianza kushusha apdeti au gemu linavuta matangazo ya mtandaoni, pedi yako inasubiri zamu. Ongeza kwamba boksi lenyewe tumelificha nyuma ya TV, chuma kitupu pale. Dawa ni kuhamishia Wi-Fi kwenye 5 GHz, au waya wa intaneti, au pedi ya waya, na kwa hiyo dawa unahitaji matundu. Mi siku hizi naanza kuhesabu matundu ya USB kabla sijauliza bei.

Namba moja kwangu ni Nvidia Shield TV Pro, na sifichi, naipenda na nitaitetea popote. Imetoka 2019 na bado haijapata wa kuitoa. Ina matundu mawili makubwa ya USB, ina tundu la waya wa intaneti la kasi ya gigabiti, Wi-Fi inashika 5 GHz, na chipu yake Tegra X1+ ni ya ukoo uleule wa chipu iliyomo kwenye Nintendo Switch. Binamu yangu anayo, nimeipima mwenyewe kwake na pedi ya Bluetooth, picha 19, kwa waya 15. Mtoto akibonyeza gari linatii. Ukiweka Beach Buggy Racing mnagawana TV moja mnacheza pamoja, na BombSquad mnaweza kuingia mpaka watu 8 simu zenu zikawa ndo pedi, sebule inakuwa kama harusi. Na kampuni haijaitupa, hata ile Shield ya kwanza ya 2015 imeendelea kupata apdeti miaka na miaka, nitajie boksi lingine lenye heshima hiyo. Kitu kimoja uangalie, kama pedi yako isiyo na waya inatumia kile kidude cha USB cha kupokelea mawimbi usikibane pembeni ya hard disk kwenye yale matundu ya USB 3.0, Intel wenyewe walishaandika 2012 kwamba USB 3.0 inatoa kelele kwenye masafa ya 2.4, kivute mbele kwa kawaya ka eksitensheni na utaona tofauti.

Usinunue Shield ile nyembamba ya duara ukidhani ni ileile, ile haina tundu la USB.

Ya pili Google TV Streamer ya 2024, nafasi ya GB 32, ina tundu la waya wa intaneti. Tundu la USB-C ni moja na ndo hilohilo la umeme, kwahiyo pedi ya waya itakulazimu ununue habu, kile kigawanyio cha USB, inayopitisha umeme. Imekaa vizuri, wala sina ugomvi nayo.

Apple TV 4K ya 2022 ina nguvu kuzidi zote kwenye hii orodha, ila haina tundu la USB hata moja, na tundu la waya wa intaneti wameliweka kwenye ile ya GB 128 peke yake. Nyumba ya watu wa iPhone sawa, ichukue hiyo ya 128 uitoe kwenye Wi-Fi uichomeke waya wa intaneti, Bluetooth ipate nafasi.

Xiaomi TV Box S toleo la pili ndo ya kawaida mtaani. Ina USB moja, chomeka pedi ya waya hapo na mambo yanaenda, ila nafasi ni GB 8 na mfumo unakula sehemu kubwa, magemu mawili matatu imejaa.

Za elfu 60 mpaka 90, zile za MXQ Pro na ndugu zake, nyingi hazina Bluetooth wala 5 GHz, na RAM inayoandikwa kwenye setingi mara nyingi ni ya uongo. T95, mmoja wa hao ndugu, ilikutwa na virusi toka kiwandani Januari 2023, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo juu ya maboksi ya aina hii. Sina zaidi.

Kinachonichoma ni wauzaji. Niliporudisha langu, winga, yule kijana wa kuvuta wateja, aliyeniita sista wiki ile hakunijua tena, na mwenye duka akanionyesha kibao ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi, alafu akasema tatizo ni intaneti yangu wakati gemu lenyewe linachezwa bila bando. Shield Marekani ilitoka kwa dola 199, hapa kwetu ukijumlisha usafiri na ushuru na VAT asilimia 18 inaumiza, hilo naelewa, ila mtu akikutajia bei mara mbili na nusu alafu hajui hata ni Pro au ile ya duara, huyo anakuibia mchana kweupe, na dada zangu tunaibiwa zaidi kwasababu wanaamini hatuelewi mambo ya vifaa.

Kwahiyo nenda na pedi yako kwenye mkoba, mwambie akuwekee gemu lolote la bure, toa simu urekodi kidole. Muulize Wi-Fi yake inashika 5 GHz? USB ngapi? Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anatoa? Akikujibu "dada'angu hii inacheza kila kitu", beba pedi yako nenda duka la pili.