Sabuni ya kunyolea ya stiki: omba kwanza uonyeshwe kitako

Nilikuwa nimeweka mguu juu ya ukingo wa choo, nusu ya muundi imeshapakwa sabuni, nusu bado. Nikakandamiza kidogo ili stiki ishike vizuri pale penye mfupa. Pluu! Mkononi nikabaki na bomba la shaba, zito, lenye nakshi, tupu. Sabuni yenyewe imetulia chini ya maji ya choo kana kwamba huko ndiko ilikokuwa inaelekea siku zote.

Ilikuwa siku ya tisa tangu niinunue. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi hata hicho kipande sikubaki nacho.

Kwa hiyo mwongozo huu si wa harufu wala wa povu. Miongozo ya harufu ipo tele, na povu zuri utalipata kwa karibu stiki yoyote iliyotengenezwa kweli kwa ajili ya kunyolea. Mapishi yake hayapishani sana: mafuta yenye asidi ya steariki kwa wingi, potashi ya kuifanya sabuni iyeyuke upesi, kostiki soda ya kuishupaza, na gliserini ili povu lisikukaukie usoni. Kwenye orodha ya viambato ukikuta potasiamu imetajwa mapema, endelea kusoma. Ukikuta sodiamu peke yake toka juu hadi chini, hiyo ni sabuni ya kuogea iliyoviringishwa ikapewa jina jingine.

Mimi nataka tuzungumze kitako.

Najua neno lina mambo yake. Baada ya ajali ile nilimwandikia muuzaji mmoja mtandaoni, nikaomba picha ya kitako. Akanyamaza siku nzima. Kesho yake akajibu: "Cha nani, dada?" Nikamfafanulia: cha stiki, pale sabuni inaposhikana na bomba. Akanitumia picha ileile ya mbele, na maua pembeni. Nilipong'ang'ania akaniambia sabuni ni sabuni.

Si kweli. Sabuni ikitoka kiwandani bado ina maji ndani yake, na kadiri inavyokaa inakauka na kusinyaa. Stiki iliyokuwa imebana vizuri ndani ya kikombe chake, baada ya muda inaanza kucheza. Pale ilipoachia panabaki upenyo, maji ya kunawa yanaingia, na hayana pa kutokea. Hapo ile potashi iliyokuwa inakusaidia kupata povu haraka inakugeuka: sehemu ya chini inalainika na kuwa ute, na gliserini nayo kazi yake ni kuvuta unyevu, hata wa hewani. Juu stiki ni ngumu, unaiona nzima. Chini imeoza. Siku moja unaikandamiza kwenye muundi.

Bomba za kuzungusha ndizo mbaya kuliko zote. Sabuni imekalishwa juu ya kisahani kidogo cha plastiki kinachopanda kwa parafujo, eneo la kushikilia halizidi sarafu, halafu mzigo wote unategemea hapo. Juu yake ukuta wa bomba unaigusa sabuni pande zote, kwa hiyo haikauki hata ukiiacha wazi usiku kucha. Na ikibaki kimo cha kidole kimoja, kisahani kinagoma. Hicho kidole kimoja umekilipia.

Baada ya kununua, kuchomoa na kupasua stiki nyingi kuliko inavyonipasa kukiri, mpangilio wangu ni huu.

Namba moja ni Arko, na sitajifanya sina upande. Ni ya Uturuki, inatengenezwa na Evyap, kampuni iliyoanza 1927. Gramu 75 za sabuni ya shahamu, yaani mafuta ya mnyama, imevikwa foili na karatasi, basi. Haina bomba, haina kisahani, haina parafujo. Kitako chake ni sabuni yenyewe, na foili ndiyo unayoishika. Unapoimaliza unachana foili kidogo kidogo kuelekea chini, na ukavu unaifikia kila upande. Watu wanaihesabu hiyo kuwa kasoro, eti imekuja uchi. Kwangu ndiyo sababu ya kuinunua.

Harufu yake ina kesi, nisifiche. Ni ya ndimu kali, na wapo wanaoapa kwamba inanuka kama dawa ya kusafishia choo. Kwa historia yangu sina haki ya kulalamika. Ukiivua karatasi ukaiacha hewani wiki mbili, ukali unapungua sana.

Kinachoniudhi kuhusu Arko ni wauzaji. Hii ni sabuni ya mtu wa kawaida. Ikishasifiwa kidogo tu, mtu anaitia kwenye kiboksi cha kahawia, anafunga utepe, anaandika "ya asili" na bei inaruka. Mwingine anaiuza pamoja na bakuli usilolihitaji, maana stiki haihitaji bakuli, uso ndio bakuli. Kaa mbali na kiboksi. Ukiiona kwenye karatasi yake, chukua mbili.

Namba mbili, Speick, kwa asiyetaka shahamu. Ni ya Ujerumani, nyumba iliyoanzishwa na Walter Rau mjini Stuttgart mwaka 1928, na jina linatokana na mmea wa milimani kwenye Alpi ambao dondoo lake limo ndani. Gramu 50, mafuta ya mimea, harufu ya kiungwana. Haitoi povu zito kama Arko, ila haikauki upesi. Hii na nyingine zote zilizobaki nazifanyia jambo moja siku ya kwanza: naivua kwenye chochote ilichokuja nacho, nakausha kitako kwa kitambaa, naizungushia foili ya jikoni mikunjo mitatu. Kwa maneno mengine, naigeuza kuwa Arko.

Tabac ningeiweka ya pili kama si tamaa za watu. Ina gramu 100, ndiyo babu kubwa wa stiki, na harufu yake inayotoka kwa kampuni ya Mäurer & Wirtz ipo tangu 1959. Povu lake zito halisemeki. Lakini miaka ya karibuni waliacha shahamu wakahamia mafuta ya mimea, na tangu hapo kuna watu wanafufua maboksi ya zamani na kuyauza kama dhahabu, "toleo lile lenyewe". Ndugu yangu, sabuni ya zamani si lazima iwe nzuri. Mafuta huchacha. Muombe picha uone kama ina madoa ya rangi ya chungwa. Yakiwepo, hiyo imeshaanza kuharibika, na unalipia bei ya juu kwa uvundo. Toleo jipya linatosha kabisa.

Palmolive, gramu 50, ndani ya kopo la plastiki. Povu linakuja haraka ajabu, hata mtu asiyejua brashi hawezi kulikosa. Kikombe chake kinabana, lakini kikombe ni kikombe: maji yanajificha mle. Ivue.

La Toja ya Hispania naipenda kwa hadithi kuliko kwa kitu kingine. Wanasimulia kwamba mtu alimtelekeza punda wake mgonjwa kwenye kisiwa cha La Toja, huko Galicia, aliporudi akamkuta mzima, amepona kwa kugaagaa kwenye tope la chemchemi. Chumvi za huko ndizo zinazotajwa kwenye sabuni. Ngozi yangu haijaona miujiza ya punda, lakini haijalalamika.

D.R. Harris ya London, duka la mtaa wa St James's tangu 1790, inauza stiki ya gramu 40. Arobaini! Ni nzuri, laini, ina heshima zake. Sehemu kubwa ya pesa yako inakwenda kulipa kodi ya mtaa ule.

Za bei ya chini kabisa, zile zisizo na jina zinazouzwa kwa fungu, sina la kusema zaidi ya hili: soma viambato, na kama hakuna viambato rudisha. Derby, nayo ya Uturuki, gramu 75, ndani ya foili, inafaa ukikosa Arko.

Jambo jingine la wauzaji kabla sijapoa. Bomba langu la shaba lilitangazwa kuwa la gramu 90. Nilipodai maelezo nikaambiwa hizo ni "pamoja na chombo". Tangu lini mtu ananyolea chombo? Uliza gramu za sabuni peke yake, kwa maandishi, kabla hujatuma pesa. Na picha ya kitako. Akikuuliza cha nani, mwelekeze.

Sasa, matumizi. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni mawili: uso mkavu na brashi iliyolowa chepechepe. Inatakiwa kinyume chake. Ndevu zinywe maji kwanza, baada ya kuoga au kwa kitambaa cha moto kwa dakika chache. Chovya ncha ya stiki kwenye maji, kisha sugua kinyume na ndevu zinavyoota, ili kila unywele uikwangue sabuni kama mbuzi ikwanguavyo nazi. Mizunguko miwili au mitatu mpaka uone utando mweupe unaonata. Brashi ikung'ute hadi iache kudondosha, ndipo uanze kuzungusha usoni, ukiongeza maji kwa matone. Povu lililo tayari linang'aa. Likiwa na mapovu makubwa kama ya sabuni ya kufulia, hewa ni nyingi, endelea kuzungusha. Likiwa kavu kama chaki, tone jingine.

Maji yakiwa magumu, yale tunayoyaita ya chumvi, povu litakusumbua hata kwa stiki ya bei mbaya, kwa sababu kalsiamu na magnesiamu zinaishika sabuni na kuifanya utando wa kijivu usio na faida. Chemsha maji kidogo ya kunyolea au tumia ya mvua. Usiilaumu sabuni kwanza.

Kwa miguu, na hili sijaliona likiandikwa popote: malaika wa miguuni ni laini mno, hawaikwangui sabuni kama ndevu. Ukisugua mguuni kama baba watoto anavyosugua kidevuni utamaliza stiki na povu hupati. Mimi nasugua ncha ya stiki kwenye brashi yenyewe iliyolowa kidogo, mara kumi hivi, halafu natengeneza povu mguuni, goti hadi kifundo, mguu mmoja kwanza. Ukipaka yote miwili, wa pili utakuwa umeshakauka kabla hujaufikia.

Na kila mtu na stiki yake. Hii kitu inagusa ngozi moja kwa moja, juu ya vipele na mikwaruzo. Ya baba watoto ina uzi mwekundu, yangu haina.

Kuihifadhi ndiko kunakoamua kama itadumu. Ukimaliza, suuza ncha kwa maji ya mfereji hadi vinywele viondoke, ikung'ute, isimamishe kwa kitako chake mahali penye hewa, mbali na matone ya bafu. Usiifunike siku hiyo. Kifuniko ni cha safari tu, na hata safarini ifute kwanza kwa kitambaa. Faida moja kubwa ya stiki ni kwamba ni kitu kigumu, haihesabiwi kwenye ule mgao wa chupa za mililita 100 uwanja wa ndege, kwa hiyo inakaa kwenye mkoba wa mkononi bila maswali. Ncha ikishalainika kwa kusahauliwa, ikate kipande chembamba kwa kisu kikavu, iache siku mbili, inarudi.

Ninaposafiri naiweka Arko kwenye kopo pana la vidonge nililolitoboa matundu manne chini kwa msumari wa moto. Kopo ni pana kuliko stiki, haligusi pembeni. Limenigharimu harufu ya plastiki iliyoungua jikoni na malalamiko ya nusu saa.

Ikibaki kipande kifupi kisichoshikika, kilowanishe, lowanisha pia kitako cha stiki mpya, vigandamize pamoja na uviache usiku mzima vimesimama, kile kifupi juu. Kesho yake ni stiki moja.

Lile bomba la shaba bado ninalo. Nalitilia nyembe zilizokwisha.