Ravenna kwa kufuata miaka: uzoefu wangu wa kutembelea mozaiki zake

Kama unaishi Ulaya au una safari ya Italia, na historia ya Kanisa inakugusa hata kidogo, punguza siku moja au mbili za Roma uipe Ravenna. Nimeona mozaiki, yaani picha zilizoundwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe, sehemu kadhaa, lakini hakuna mji mwingine ninaoufahamu ambako kazi za karne ya 5 na ya 6 zimebaki kwa wingi na kwa uzima namna hii, tena nyingi zikiwa ndani ya mji mmoja mdogo unaoutembea kwa miguu. Mwaka 1996 UNESCO iliyaingiza majengo 8 ya huko katika Urithi wa Dunia. Saba kati yake yana mozaiki. La nane ni kaburi la mfalme Theodoric, la mawe matupu, nalo nitalitaja mbele.

Wageni wengi huanzia San Vitale kwa sababu ndilo kanisa maarufu kuliko yote. Mimi nashauri liwe la mwisho mjini. Ukiyatembelea majengo kwa kufuata nani alitawala lini, utaona watu wakijibizana ukutani juu ya swali moja: Yesu ni nani? Ukiyaona ovyo ovyo, utabaki na dhahabu tu machoni.

Historia yenyewe si ndefu. Mwaka 402 Kaisari Honorius alihamisha makao ya Dola ya Roma ya Magharibi kutoka Milano hadi Ravenna, mji uliozungukwa na vinamasi vilivyowapa taabu maadui, na wenye bandari ya Classe jirani. Mwaka 493 akaushika Theodoric, mfalme wa Wagothi wa Mashariki. Alikuwa Mkristo, ila wa upande wa Waariani, waliofundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba na hakuwa naye tangu milele. Mwaka 540 majeshi ya Kaisari Justinian wa Konstantinopoli yakauteka mji na kuurudisha chini ya Dola. Wakuu watatu, na kila mmoja aliacha neno lake kwa vipande vya kioo.

Kuhusu tiketi: ipo ya pamoja, inayosimamiwa upande wa jimbo la kanisa, inayokuingiza San Vitale, kaburi la Galla Placidia, Sant'Apollinare Nuovo, jengo la ubatizo la Neon na makumbusho ya askofu mkuu. Kila mahali unaingia mara moja. Kwa Galla Placidia na kwa Neon unachagua saa ya kuingia, na humo ndani hukai zaidi ya dakika chache, hasa msimu wa watu wengi, kwa kuwa vyumba ni vidogo na unyevu wa pumzi zetu unadhuru mozaiki. Weka nafasi mapema mtandaoni. Jengo la ubatizo la Waariani, kaburi la Theodoric na kanisa la Classe yana tiketi zake.

Nilianzia kwa Neon. Kwa nje ni matofali mekundu yasiyo na pambo la kukuita, na hilo utalizoea, kwani Ravenna nzima imeweka uzuri wake ndani. Neon, askofu Mkatoliki, aliipamba kuba katikati ya karne ya 5. Inua macho: Yesu amesimama katika maji ya Yordani, Yohana Mbatizaji pembeni, na kuwazunguka wanatembea mitume 12 juu ya buluu nzito, kila mmoja na taji mkononi. Kichwa cha Yesu chenye ndevu na yule njiwa ni kazi ya mafundi wa karne ya 19 waliokarabati sehemu ya katikati, kwa hiyo usijenge hoja juu ya uso ule. Waangalie mitume. Nguo zao zinapishana rangi nyeupe na ya dhahabu, na ukizunguka nao kichwa juu utadhani ni wao wanaokuzunguka. Sakafu ya awali iko karibu meta 3 chini ya unapokanyaga. Ardhi ya mji huu imekuwa ikididimia kwa karne nyingi.

Hatua chache kutoka hapo ni makumbusho ya askofu mkuu, na wengi hupita mbio. Msipite mbio. Mna kiti cha enzi cha askofu Maximian, cha karne ya 6, kilichofunikwa kwa vibao vya pembe za ndovu vilivyochongwa, na ubavuni kuna kisa cha Yusufu na ndugu zake hadi Misri. Mna pia kikanisa cha Mtakatifu Andrea, kilichojengwa na maaskofu Wakatoliki wakati Theodoric Mwariani ndiye mwenye mji. Juu ya mlango Yesu amevaa kama askari, msalaba begani, anakanyaga simba na nyoka, na kitabu mkononi mwake kimeandikwa kwa Kilatini maneno ya Injili ya Yohana: "Mimi ni njia, ukweli na uzima." Picha ile ina hasira. Nilisimama mbele yake nikaelewa kwamba maaskofu wale hawakuwa wakipamba ukuta, walikuwa wakijitetea ndani ya nyumba yao wenyewe.

Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwa Waariani, kabla picha ya kwanza haijafutika kichwani. Jengo lao la ubatizo ni dogo, na ndani imebaki kuba peke yake. Mpango ni uleule: ubatizo katikati, mitume kuzunguka. Lakini Yesu hapa ni kijana asiye na ndevu, laini, karibu mtoto. Mto Yordani umechorwa kama mzee aliyeketi, mwenye magando ya kaa kichwani, mkubwa kwa mwili kuliko Yesu mwenyewe. Mitume, wakiongozwa na Petro mwenye funguo na Paulo mwenye magombo, wanaelekea kwenye kiti cha enzi kitupu chenye mto wa kukalia wa zambarau na msalaba. Wataalamu hawakubaliani iwapo ujana ule wa Yesu ni mafundisho ya Kiariani au ni mtindo wa mafundi wa wakati ule, maana Wakatoliki nao walimchora bila ndevu. Mimi naegemea kwenye mtindo. Hata hivyo kuziona kuba mbili za watu waliogombana, zikisema karibu kitu kilekile, kulinigusa kuliko mahubiri mengi niliyosikia juu ya umoja wa Wakristo.

Sant'Apollinare Nuovo ndipo mahali ambapo ningekaa siku nzima. Theodoric alilijenga liwe kanisa la kasri lake. Juu kabisa kwenye kuta ndefu kuna picha ndogo za maisha ya Yesu: upande mmoja miujiza, na humo hana ndevu, upande wa pili mateso na ufufuko, na humo anazo. Karamu ya mwisho wameegemea kuzunguka meza yenye samaki wawili wakubwa. Msalabani hayupo, kutoka njia ya Kalvari unafika kwa wanawake kaburini. Beba darubini ndogo, kwa macho matupu utapoteza nusu ya hayo.

Chini yake ndipo ugomvi ulipoachwa wazi. Karibu mwaka 561, baada ya makanisa ya Waariani kukabidhiwa kwa Wakatoliki, askofu Agnello aliamuru picha zilizokumbusha utawala wa Waariani ziondolewe ukutani. Leo upande mmoja wanatembea mashahidi 26 waliofia imani kuelekea kwa Kristo, wakitanguliwa na Mtakatifu Martin, ambaye kanisa lilipewa jina lake wakati huo kwa kuwa alisifika kwa kuwapinga Waariani. Jina la Apollinare lilikuja karne ya 9. Upande wa pili ni mabikira 22, wakitanguliwa na Mamajusi watatu wenye kofia nyekundu, majina yao yameandikwa juu: Balthassar, Melchior, Gaspar.

Sasa nenda mwisho wa ukuta wa mashahidi, karibu na mlango, penye picha ya kasri lenye neno PALATIVM. Kati ya nguzo yananing'inia mapazia meupe. Hapo mwanzo walisimama watu, kwa dhana ya wengi ni Theodoric na watu wa baraza lake. Waliondolewa, pazia likawekwa mahali pao. Lakini angalia nguzo vizuri: mikono imebaki. Kiganja hapa, kidole pale, mkono usio na mwenyewe umekatiza nguzo nyeupe. Fundi hakutaka kuibomoa nguzo nzima. Nilimwonyesha mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu nami, naye akaita familia yake yote waje waone. Hakuna maandishi pale ya kukuelekeza jicho, na kwa maoni yangu huo ndio upungufu mkubwa wa kanisa hili kwa mgeni asiye na kiongozi.

Hapo ndipo unakuwa tayari kwa uwanja wa San Vitale. Ndani yake anza na kaburi la Galla Placidia, chumba kidogo cha umbo la msalaba cha nusu ya kwanza ya karne ya 5. Yeye alikuwa dada wa Honorius, alifariki Roma mwaka 450, na inaelekea hakuzikwa humu. Mwanga unapita kwenye mawe ya alabasta madirishani, wa manjano na hafifu, na dari ni buluu iliyotapakaa nyota. Subiri macho yazoee, kisha mtafute Mchungaji Mwema juu ya mlango ulioingilia, kijana wa dhahabu akimgusa kondoo kidevuni. Hakuna simu itakayoinasa buluu ile. Vipande havikubandikwa bapa, kila kimoja kina mwinamo wake, kwa hiyo ukisogea hatua moja ukuta mzima unabadili mng'ao, kama bahari wakati wa jua la asubuhi.

San Vitale yenyewe ina pembe nane, iliwekwa wakfu mwaka 547 au karibu na hapo, na aliyegharamia ni Julius Argentarius, tajiri ambaye jina lake linadokeza kazi ya fedha. Karibu na altare kuna Abeli na Melkisedeki wakitoa sadaka, na Ibrahimu akiwakaribisha malaika watatu. Kisha wale wawili ambao kila mtu anawajia: Justinian na patena (sahani ya mkate wa Misa) ya dhahabu, Theodora na kikombe, duara la nuru nyuma ya vichwa vyao. Chini ya vazi la Theodora, pindoni, Mamajusi wanarudi tena, wadogo, na zawadi zao. Hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyewahi kufika Ravenna. Mwenye jina lililoandikwa juu ya kichwa ni askofu Maximian peke yake. Baada ya kuona mikono ile kwenye nguzo, nilizisoma nyuso hizi kwa namna nyingine: huyu ndiye mshindi, na anataka ujue kwamba hata sadaka ya altareni inapitia mikononi mwake.

Sant'Apollinare in Classe iko nje ya mji. Kuna basi, na kuna treni ya kituo kimoja. Iliwekwa wakfu mwaka 549. Juu ya altare ni kijani kitupu: nyasi, misonobari, maua, kondoo, na askofu Apollinaris amenyanyua mikono akiomba. Juu yake msalaba katika anga lenye nyota 99. Ni mandhari ya Yesu Kugeuka Sura mlimani, na kondoo watatu ndio Petro, Yakobo na Yohana. Humo niliona watu wachache, nikakaa kitini bila kuharakishwa na yeyote.

Mwenye siku moja tu aache kaburi la Theodoric, ingawa paa lake la jiwe moja lenye upana wa meta 10 hivi linastahili safari ya mpenzi wa ujenzi. Aache pia maduka ya mozaiki hadi jioni. Classe asiiache. Treni kutoka Bologna inachukua saa moja na kitu, kwa hiyo ukitoka alfajiri unaweza kuwa kwa Neon milango inapofunguliwa, umalize San Vitale mchana na kuwahi Classe kabla hawajafunga. Angalia saa za kufunga kabla ya kuondoka, maana wakati wa baridi hufupishwa.