Makumbusho ya Reli Nairobi: nilienda kuuona Shengena wetu

Nilikuwa na siku moja ya kukaa Nairobi nikaamua niende Makumbusho ya Reli, pale karibu na stesheni kuu, na kwa kweli nilifuata kichwa kimoja tu cha treni ya mvuke, namba 5930, kinaitwa Mount Shengena. Mimi mtu wa Same, Tanzania, jamani. Shengena ndo mlima wetu, nimekua nauona juu kule Chome umejifunika mawingu, sasa kukuta jina lake limepewa garimoshi nchi ya jirani, nilisimama pale muda mrefu sana.

Vichwa hivi ni vya klasi 59, aina ya Garratt, yaani kichwa kirefu chenye injini mbili, vilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester 1955 na 1956, jumla 34, vyote vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Leo vimebaki viwili, na vyote viko hapa, Shengena na mwenzie 5918 Mount Gelai, nao Gelai ni mlima wa Tanzania, uko kule Ziwa Natron. Vingine vilianza kutolewa kazini miaka ya 70 dizeli zilipoingia, kufika 1980 ikawa basi.

Ukifika usipige picha ukaondoka, tembea kuanzia mbele mpaka nyuma, ni zaidi ya mita 31 na tani kama 250, halafu inama uangalie pale katikati. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, imening'inia kati ya injini mbili, mbele tangi la maji, nyuma mafuta maana hivi havikula makaa, na kila injini ina magurudumu yake na inajizungusha yenyewe kwenye egemeo, ndo maana dude refu hivyo lilikata kona za reli nyembamba ya mita moja bila shida. Kilikuwa kinavuta tani 1,200 kutoka Mombasa usawa wa bahari mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu! Hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya mita moja kilichokuwa na nguvu kuvizidi hivi, dunia nzima.

Gelai iliwahi kufufuliwa ikawashwa na kutembea tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, natamani sana irudi. Na natamani vijengewe paa, viko nje juani na mvua ikija ni yao, na chuma ni chuma, vikiliwa na kutu hivi viwili hakuna pengine pa kwenda kuona klasi 59.

Behewa ambalo simba alimtoa afisa wa polisi Ryall akamuua, pale stesheni ya Kima mwaka 1900, nalo lipo, watu wengi hukimbilia hilo, sawa, lioneni. Ila nendeni asubuhi kabla chuma hakijapata moto, mpande ndani ya kichwa mkiruhusiwa. Mi Desemba namleta baba aje auone mlima wake.