The Girl on the Train (2016): uzoefu wangu na filamu iliyogawa wahakiki

Nimeitazama filamu hii mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na riwaya ya Paula Hawkins mkononi. Kwa ufupi: ukiifuata kwa ajili ya fumbo la nani kaua, utalitegua mapema kuliko waandaaji walivyotaka. Ukiifuata kwa ajili ya Emily Blunt, dakika 112 hazitakuchosha. Anamwigiza Rachel, mlevi aliyeachika, ambaye treni humpitisha nyuma ya nyumba anayoishi Tom, aliyekuwa mumewe, na mke wake mpya Anna. Jirani yao Megan anapotea, na Rachel hakumbuki alichofanya usiku huo.

Tuanze na alama, maana ndizo zinazowafukuza watu. Kati ya tovuti zinazokusanya maoni ya wahakiki, Rotten Tomatoes inaipa takriban asilimia 44 na Metacritic 48 kati ya 100. Namba hizi hazisemi jambo moja. Asilimia 44 maana yake ni kwamba katika kila wahakiki 100, 44 waliikubali, pamoja na walioikubali shingo upande. Haina maana kwamba filamu ina ubora wa 44. Ile 48 ndiyo wastani wa alama zenyewe, na ndiyo ninayoiona ya haki zaidi: filamu ya katikati, yenye uigizaji ulioizidi hadithi yake. CinemaScore, wanaowauliza watazamaji wanapotoka ukumbini siku ya kwanza, walirudi na B-. Hata hivyo ilitengenezwa kwa dola milioni 45 hivi na ikaingiza karibu milioni 173, kwa hiyo watu walikwenda kuiona.

Sehemu kubwa ya lawama ilitokana na kulinganishwa na Gone Girl, filamu ya David Fincher, iliyotoka miaka miwili tu kabla: mwanamke kapotea, ndoa imeoza ndani, wasimulizi hawaaminiki. Ulinganisho huo unaeleweka, ila unaficha tofauti moja kubwa. Msimulizi wa Gone Girl anadanganya kwa makusudi. Rachel hadanganyi, anasema asichokikumbuka, kwa sababu pombe imemfutia usiku mzima. Kumwonyesha mtu wa namna hiyo kwa kamera ni kazi ngumu zaidi, na hapo ndipo muongozaji Tate Taylor alipoteleza.

(Kuanzia hapa nafichua mambo. Kama hujaitazama, ruka aya mbili.)

Riwaya inasimuliwa na wanawake watatu, Rachel, Megan na Anna, kila mmoja kwa nafsi ya kwanza, na kila sehemu ina tarehe na neno la asubuhi au jioni. Rachel anapoandika kwamba alifanya vurugu, msomaji anajua hayo ni maneno ya mlevi na anabaki na shaka. Filamu inatumia kisengerenyuma, yaani kuturudisha kwenye matukio yaliyopita, na picha haina "nadhani" wala "labda". Ukiona sahani inarushwa, umeona. Taylor anautumia udhaifu huo vizuri mara moja: Rachel anakumbuka alivyoivuruga sherehe nyumbani kwa bosi wa Tom, walipokuwa bado wameoana, nasi tunaiona kwa macho. Baadaye anakutana na Martha, mke wa bosi huyo, kwenye treni, anamwomba radhi, na Martha anashangaa: hakuharibu chochote. Tom alifukuzwa kazi kwa sababu ya wanawake. Lisa Kudrow, anayemwigiza Martha, ana dakika chache tu pale, lakini ndiye anayeifungua filamu nzima.

Bahati mbaya, kwenye tukio la handakini, alikokuwa Rachel usiku Megan alipopotea, mbinu hiyo hiyo inageuka mzigo. Tunarudishwa kwenye vipande vile vile vya usiku ule, picha zenye ukungu, na kila safari kinaongezwa kipande kimoja. Wanaume wenyewe ni watatu tu wanaohesabika: Scott mumewe Megan, Kamal daktari wake wa akili, na Tom. Ukimwona mmoja anatiliwa shaka waziwazi, kisha wa pili naye, unabaki na nani? Riwaya ina idadi ile ile ya washukiwa, ila sauti ya Rachel inakufanya umshuku yeye mwenyewe kwa kurasa nyingi. Kwenye filamu uso wa Blunt unatia huruma mno kiasi kwamba shaka hiyo haishiki.

Waliosoma kitabu walilalamika pia kuhusu kuhamishwa kutoka London hadi vitongoji vya New York, kando ya mto Hudson. Kwangu si kosa kubwa, ila kuna kilichopotea. Kitabuni treni hukwama kwenye taa ya ishara nyuma ya nyumba zilizopangana karibu na reli, nyumba ambazo mtu wa kipato cha Rachel aliwahi kuishi. Filamu imeweka nyumba kubwa zenye nafasi, na wivu wa Rachel unafanana na wivu wa mgeni badala ya wa mtu aliyefungiwa nje ya mlango wake mwenyewe.

Sasa Blunt. Kitabuni Rachel hunywa jin na toniki za makopo ndani ya treni. Filamu imempa chupa ya maji yenye mrija, ndani imejaa vodka. Mtazame anavyoivuta ile mrija: midomo imekauka, macho mekundu, anakwepa kukutana macho na abiria, na mkono unatulia tu baada ya funda la pili. Hata wahakiki walioiponda filamu walimsifu, na aliteuliwa kuwania tuzo za BAFTA za Uingereza na SAG za chama cha waigizaji wa Marekani. Haley Bennett kama Megan anamkaribia, hasa anapomsimulia Kamal kuhusu mtoto wake na beseni la kuogea.

Ushauri wa utazamaji: washa maandishi ya chini, kwa sababu Blunt huongea kilevi na maneno humezwa. Dakika ishirini za kwanza zinachanganya, kwani Megan na Anna wanafanana nywele na wote wawili wanaonekana na mtoto yule yule. Mtoto ni wa Anna, Megan ni yaya wake. Washike kwa waume zao: Scott ni wa Megan, Tom ni wa Anna. Fuatilia pia maandishi ya "miezi sita iliyopita" na mengine ya aina hiyo, maana ukilikosa moja, tabia ya Megan haitaeleweka. Filamu itangulie, kitabu kifuate. Kitabu kinastahimili kusomwa na anayejua mwisho, filamu haistahimili. Toleo la Kihindi la 2021 halishiki nafasi yake, kwani limebadilisha mwisho.

Na ukirudia mara ya pili, achana na handaki. Sikiliza kila Rachel anaposimulia aibu aliyoifanya akiwa amelewa, kisha jiulize nani alimwambia kwamba aliifanya.