Kijiji cha babu Mjerumani: orodha za meli au vitabu vya kanisa?

Unasaka kijiji alikozaliwa babu aliyehama Ujerumani kwenda Marekani? Sensa ya Marekani mara nyingi itakwambia tu "Prussia" (dola ya zamani ya Kijerumani) au "Germany", basi, kijiji hakuna, ndo maana watu wanabishana waanzie wapi. Orodha za abiria wa meli za bandari ya Hamburg (1850 hadi 1934) zinataja alikotoka mtu, ukiwa na jina na mwaka unasaka chap, ila alikotoka si lazima ndo alikozaliwa, na kama alipandia bandari ya Bremen pole sana, orodha za huko za kabla ya 1920 karibu zote zimepotea. Vitabu vya kanisa la Kilutheri huko alikohamia vinachosha, mwandiko wa kizamani utakutoa machozi, lakini mchungaji akiwa Mjerumani mwenzao mara nyingi aliandika mpaka kijiji. Kafika kabla ya 1850? Kanisani. Kapitia Hamburg na jina lake si la kila mtu kama Müller? Meli kwanza.