Kaporogwe, Daraja la Mungu na Kijungu kwa siku moja: uzoefu wangu na mwongozaji anayejua maji

Kwa safari hii ya siku moja wilayani Rungwe nimelipa shilingi 70,000 kwa mtu mzima na 40,000 kwa binti yangu wa miaka kumi na moja, na kwa sisi tunaoishi Mbeya hiyo si hela ya kutoa bila kufikiri. Mtu anaweza kupanda gari la Kyela, akashuka Ushirika, akachukua bodaboda mpaka maporomoko ya Kaporogwe, na jioni akawa amerudi nyumbani na chenji mfukoni. Hilo nalijua vizuri. Hata hivyo nasema hela yangu haikupotea, na sababu kubwa ni moja: kijana aliyetuongoza alikuwa anajua maji. Kwenye safari ya kwenda kuogelea chini ya maporomoko, hicho ndicho ninachokilipia. Gari zuri na picha za droni vije baadaye.

Kampuni siitaji, maana nina malalamiko nayo na nitayasema hapa chini.

Tangazo lao lilisema tunaanzia Daraja la Mungu (daraja la asili la mwamba), tunapita Kijungu (shimo la mwamba mtoni), tunakula Tukuyu, halafu tunamalizia Kaporogwe kwa kuogelea. Usafiri, viingilio, chakula cha mchana na jaketi okozi vyote ndani ya bei. Tulikusanyika Mwanjelwa alfajiri, watu tisa kwenye Haisi: vijana watatu kutoka Dar es Salaam, walimu wawili wa hapa hapa mjini, mzee mmoja mstaafu na mke wake, mimi na mwanangu. Barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu ni lami yote, na ukishapanda kufika Isyonje baridi inakupokea na ukungu wake. Wauza viazi wanakuwa wamejitanda makoti na mablanketi huku ndoo zao zimepangwa pembeni mwa barabara. Baada ya hapo unateremka kuelekea Kiwira, na kila kona inaongeza migomba.

Kabla hatujafika Kiwira, mwongozaji alimwomba dereva asimame. Alishuka, akautazama Mlima Rungwe kwa muda. Kilele chake kilikuwa tayari kimevaa wingu. Akarudi ndani akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, tangazo linasema tunaanza na Daraja la Mungu. Leo tunageuza, tunaanza na Kaporogwe. Huu ni Novemba, mvua za huku zinapenda mchana. Nataka tuwe tumeshaoga na kutoka majini kabla haijashuka kule juu."

Dada mmoja wa Dar hakupenda. "Kaka, si ndiyo mbali zaidi? Mbona jua linawaka?"

"Hapa linawaka, dada. Maji tutakayoogea hayatoki hapa."

Sentensi hiyo ingetosha kunifanya nimwamini. Wilaya ya Rungwe ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Tukuyu kwa mwaka inapita milimita 2,000 bila shida. Mito yake ni mifupi na inatoka kwenye miteremko mikali, kwa hiyo mvua ikipiga mlimani, maji hayachelewi kufika bondeni. Wewe uko chini umejianika juani, hujaona hata tone, kumbe mto umeshabadilika juu yako. Hivyo ndivyo maji yanavyoweza kumchukua mtu kwenye maporomoko, hata anayejua kuogelea.

Tulipita Tukuyu bila kusimama. Ukiuacha mji unaelekea Kyela, mashamba ya chai yanafuatana na migomba, na pale Ushirika tukaacha lami. Barabara ya ndani ni ya udongo, yenye makorongo, na Haisi iliteseka. Mvua ikiwa imenyesha usiku, nisingeshauri gari dogo liingie huko. Kiingilio kilikatwa pale pale na kila mtu akapewa risiti yake, jambo lililonifurahisha.

Kaporogwe yenyewe inaanguka kiasi cha mita 25 kutoka ukingo wa mwamba, kwenye kijito kinachokwenda kuungana na mto Kiwira, ambao nao unamwaga maji yake Ziwa Nyasa. Nyuma ya pazia la maji kuna pango pana, na unaweza kuingia ukasimama humo maji yakianguka mbele ya uso wako. Ndani kuna ukuta wa zege uliobaki, ambao wenyeji husimulia kwamba Wajerumani waliujenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili wajifiche. Habari hiyo haishangazi ukikumbuka kwamba Tukuyu ndiyo iliyokuwa Neu Langenburg, makao yao ya utawala kwa eneo hili.

Njia ya kushuka ni mwinuko mkali, na sehemu zenye kivuli zina utelezi hata siku kavu. Mzee wetu ana magoti mabovu. Mwongozaji alimwambia, "Mzee, wewe ndiye unayetupa mwendo leo," akampa fimbo, akamweka mbele, na sisi wote tukafuata nyuma yake. Hakuna aliyeachwa na hakuna aliyeharakishwa. Mke wa mzee alishuka ameshika bega la mmoja wa wale vijana wa Dar, wakiongea habari za Kariakoo mpaka chini.

Sasa nieleze alichokifanya pale bwawani, kwa sababu nimeshakwenda na watu wengine kwenye maporomoko mengine na sijawahi kukiona.

Kwanza hakumruhusu mtu yeyote kuvua hata kiatu. Alitafuta kijiti, akakichomeka kwenye mchanga pale hasa maji yanapoishia, akakifunga uzi mwekundu usawa wa maji. Kisha akaingia mwenyewe na mti mrefu, akawa anachoma chini hatua kwa hatua, akitafuta mawe yaliyojificha na mahali sakafu inapokatika ghafla. Alipomaliza alifunga kamba kutoka jiwe moja hadi jingine. "Upande huu wa kamba ni wenu. Upande ule ni wa maji." Msaidizi wake alibaki juu, karibu na ukingo, ana filimbi shingoni, kazi yake kuutazama mto unakotoka.

Mwanangu aliuliza kwa nini hatuwezi kwenda kusimama chini kabisa ya maporomoko kama kwenye picha. Yule kaka alichuchumaa akamjibu kama mtu mzima. Alimwonyesha pale maji yalipokuwa meupe kwa povu, akamwambia kwamba maji ya namna hiyo yamejaa hewa, na hewa haimbebi mtu. Hata mwogeleaji hodari akifika pale mwili wake unazama kuliko alivyozoea, na maji yanayoanguka yanamrudisha chini kila anapotaka kutoka. Halafu juu ya hapo, mto unaweza kuangusha jiwe au gogo wakati wowote. Binti yangu hakuuliza tena, na jioni alimwelezea baba yake jambo hilo neno kwa neno.

Na mimi niliuliza la kwangu: kichocho. Alijibu vizuri bila kuniahidi mbingu. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji yaliyotulia au yanayokwenda taratibu, yenye majani ya kushikilia, kwa hiyo maji ya kasi na baridi ya milimani hatari yake ni ndogo kuliko fukwe za Ziwa Nyasa kule chini. Ndogo, alisema, siyo kwamba haipo. Alitushauri tusikae kwenye vidimbwi vya pembeni na tujifute mwili kwa taulo mara tu tukitoka.

Maji ni ya baridi. Ingia polepole, lowesha uso na mikono kwanza, usijirushe, maana baridi ya ghafla inakukata pumzi kabla hujajua uko wapi. Baada ya dakika chache mwili unakubali, na hapo ndipo raha inapoanza. Sauti ya maporomoko inafunika kila kitu, hewa imejaa manyunyu, jua linapita kwenye manyunyu hayo, na mtoto wako anacheka lakini humsikii, unamwona tu. Tuliingia pangoni kwa makundi ya watu watatu watatu. Mke wa mzee alikaa juu ya jiwe na kanga yake, miguu majini, akasema amezaliwa Busokelo, humu humu Rungwe, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kufika hapa. Hakutaka kuondoka.

Tulikuwa bado tunafurahia pale mwongozaji alipokitazama kile kijiti chenye uzi. Uzi ulikuwa umezama. Kama vidole viwili tu, na mimi kwa macho yangu nisingejua lolote limebadilika. Akatuita wote nje. Vijana wakalalamika, wakaomba dakika tano za picha, akakataa kwa upole lakini hakuyumba: "Picha mtapiga kutoka juu, nitawapiga mimi mwenyewe." Tulipokuwa tumefika katikati ya kupanda, filimbi ililia kule juu. Tulipogeuka kutazama, bwawa lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti vinazunguka juu yake, na pale ilipokuwa imefungwa kamba, ambayo alikuwa ameifungua muda mfupi uliopita, sasa palikuwa mto. Yule dada aliyelalamika asubuhi alimshika mwongozaji mkono akamwambia asante. Yeye akajibu, "Ndaga, dada," yaani asante kwa Kinyakyusa, akaendelea kumsaidia mzee.

Chakula cha mchana Tukuyu kiliniudhi. Tangazo lilisema chakula cha asili ya Rungwe. Tumepita kwenye migomba kilomita kwa kilomita, halafu tunaletewa chipsi na kuku, vimechelewa na vimepoa. Rungwe ni nchi ya ndizi, maparachichi na mtindi; mgeni aliyetoka Dar kuja mpaka hapa anastahili sahani ya ndizi zilizopikwa na nyama. Nilitoka nje nikamkuta bibi mmoja mwenye beseni la maparachichi. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu, chukua haya yameiva leo." Nikanunua ya kutosha gari zima, na hicho ndicho chakula watu walichokisifia.

Mvua ilitukuta njiani kurudi, kama mwongozaji alivyosema. Daraja la Mungu tuliliona kwa makoti ya mvua na wala halikupungua uzuri. Ni daraja la mwamba lililokatiza mto Kiwira, lililotokana na lava ya volkano ya Rungwe: juu ilipoa na kuganda, chini maji yakajipatia njia. Unasimama juu ya jiwe ambalo zamani lilikuwa moto unaotiririka, na mto unapita chini ya nyayo zako. Kutoka hapo kwenda Kijungu si mbali, lakini eneo liko ndani ya Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo mnasimama getini, mnajitambulisha na kupata ruhusa kwanza. Kampuni ilikuwa imeshatoa taarifa, hatukusumbuliwa. Tuliombwa tu tuwe na vitambulisho, kwa hiyo beba chako.

Kijungu ni pa kutazama tu. Mto mzima unabanwa kwenye mwamba na kuingia kwenye shimo la mviringo, unazunguka humo kwa hasira na kutokea upande wa pili. Mashimo ya namna hiyo huchimbwa na maji yenyewe, yanapozungusha mchanga na mawe sehemu moja kwa miaka mingi. Mwongozaji alitusimamisha mbali na ukingo, kwenye mwamba usio na kuvu, na mwanangu alimshika mkono muda wote. Familia moja ambayo haikuwa na mwongozaji ilikuwa inapiga picha karibu kabisa na ukingo. Aliwafuata, akawaamkia, akawaomba warudi nyuma. Walirudi. Hakuwa analipwa kwa ajili yao.

Sasa malalamiko ya kampuni yenyewe. Jaketi okozi zilikuwa sita kwa watu tisa, na hakukuwa na hata moja ya saizi ya mtoto. Tulivaa kwa zamu, na mwanangu alivaa ya mtu mzima iliyokazwa kwa kamba, jambo ambalo si sawa: jaketi kubwa linampanda mtoto usoni na linaweza kumvuka kabisa. Kama si uangalifu wa yule kijana nisingemruhusu aingie majini. Pili, kina mama hatukuandaliwa mahali pa kubadilishia nguo, tulishikiana kanga. Hema dogo la kukunja haligharimu kitu. Tatu, malipo ya awali niliyatuma kwa simu na stakabadhi sikupewa mpaka nilipodai.

Kwa anayepanga kwenda: vaa viatu vyenye mikanda vinavyoshika, ndala zitakuangusha kwenye ile njia ya kushukia. Jinzi iache nyumbani. Koti la mvua beba hata Agosti. Na ukipiga simu kuulizia, usiishie kwenye bei, waulize nani anabaki juu kuutazama mto wakati watu wako majini, na usikilize wanachojibu.

Jumatatu niliwapigia kuhusu jaketi za watoto. Dada aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wataagiza za saizi mbili kabla ya likizo ya Desemba. Zikifika, nitarudi na binti yangu na mdogo wake pia, na nimeshamwomba atuongoze yule yule kaka.